Mchango Usiodaiwa: Uhakiki wa Tafsiri ya Masharti ya Michezo ya Mezani Kutoka Bukoba na Muleba

Tumeletewa tafsiri yenye kurasa 22, iliyopigwa chapa kwa kompyuta na kurudufiwa, ambayo ni kazi ya walimu wanane wa shule za sekondari za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Sehemu yake ya kwanza ni masharti wanayowekewa watu wanaolipia mchezo ambao bado haujatengenezwa. Sehemu ya pili ni kanuni za kuuchezea mchezo wenyewe. Watafsiri hawakuomba sifa wala lawama. Waliuliza tu kama istilahi walizozitumia zinafaa kuwekwa mikononi mwa wanafunzi. Hata hivyo tumeona kwamba swali lao haliwezi kujibiwa kwa orodha ya maneno yenye alama ya ndiyo na hapana, kwa kuwa neno moja kati ya hayo limekwisha kuwapotezea fedha wao wenyewe.

Wako watakaosema kwamba michezo ya karata na dadu si jambo la kushughulisha taasisi ya lugha, wakati istilahi za tiba na za sheria bado zinangoja. Hoja hiyo tunaifahamu, na tungeikubali kama jambo lingekuwa la karata na dadu peke yake. Lakini masharti haya ni mkataba wa fedha, na mkataba uliotafsiriwa vibaya hauchagui kama kinachouzwa ni dawa au ni mchezo.

Kwa wasomaji ambao hawajaukuta utaratibu huu, yafaa tuueleze kwa ufupi. Mtunzi wa mchezo wa mezani, yaani mchezo unaochezwa kwa ubao, karata, dadu na vipande vya mbao au plastiki, huwa hana fedha za kuuchapa. Huutangaza katika intaneti, akaonyesha picha na sehemu ya kanuni, akataja kiasi anachohitaji na siku ya mwisho. Watu walioupenda hutaja kiasi watakachotoa. Ikiwa siku ya mwisho itafika na kiasi hakijatimia, hakuna anayekatwa hata senti moja. Kikitimia, kila mmoja hukatwa fedha zake kutoka katika kadi ya benki, kisha huanza kungoja nakala aliyoahidiwa kuletewa baada ya miezi sita, minane au kumi na miwili. Kampuni ya Kickstarter ya New York, iliyoanza mwaka 2009, ndiyo iliyoueneza zaidi utaratibu huu, nayo hujikatia asilimia 5 ya fedha zinazopatikana.

Kiasi cha fedha si kidogo. Mwaka 2015 mchezo wa karata uitwao Exploding Kittens ulipata zaidi ya dola milioni 8 kutoka kwa watu zaidi ya 219,000. Mwaka 2020 mchezo wa Frosthaven ulipata karibu dola milioni 13, na mwaka 2021 kitabu cha michezo ya kuigiza wahusika kiitwacho Avatar Legends kilipata zaidi ya dola milioni 9. Kwa miaka mingi orodha ya nchi ambazo wakazi wake waliruhusiwa kuomba fedha kupitia Kickstarter haikuwa na nchi hata moja ya Afrika. Kutoa fedha, lakini, kumeruhusiwa kwa mtu wa nchi yoyote aliye na kadi. Kwa hiyo Mtanzania ameingia katika jambo hili kwa mlango mmoja tu, mlango wa anayetoa, na ndiyo sababu tunataka tafsiri ya masharti isomwe kwa macho ya anayetoa.

Sasa tuitazame tafsiri. Neno lake kuu ni *mchango*. Utaratibu mzima umeitwa *uchangishaji wa umma*, anayetoa fedha ameitwa *mchangiaji*, anayepokea ameitwa *mchangishaji*. Maneno haya si ya watafsiri wetu peke yao. Magazeti huyatumia, na watangazaji wa redio pia. Yana sifa ya kueleweka mara moja, na sifa hiyo kwa kawaida ndiyo tunayoitafuta. Hapa ndiyo iliyoleta hasara.

Katika Kagera, kama penginepo nchini, mtu akisikia neno mchango huwaza kadi ya harusi, daftari la msiba, darasa linaloezekwa, mgonjwa anayepelekwa Bugando. Mchango hutolewa ili jambo la mwenzetu litimie. Litakapotimia, mtoaji haendi kudai sahani ya wali yenye thamani ya fedha zake. Akila atakuwa amekaribishwa, asipokula atakuwa hakubahatika. Ni kweli kwamba mchango una deni ndani yake. Vikundi vya kuzikana vya Bukoba na Muleba huandika majina kwa uangalifu kuliko benki, na asiyetoa kwa wenziwe hujikuta peke yake siku yake ikifika. Kihaya kina kitenzi *kujuna*, kusaidia mtu aliyefikwa, na anayejuna hutarajia naye kujunwa. Lakini anachodai si kitu bali ni kufanyiwa vivyo hivyo. Deni la mchango ni deni la watu kwa watu. Halina bei, halina tarehe, wala halipelekwi mahakamani.

Mfano mkubwa zaidi uliotokea katika mkoa huo huo unatosha kuonyesha jinsi neno hili linavyoacha wazi swali la nani mwenye kauli. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, likaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba pamoja na majengo ya shule, zikiwemo sekondari za Ihungo na Nyakato. Michango ilitoka ndani na nje ya nchi. Januari 2017 Rais John Magufuli, alipofika Bukoba, alieleza kwamba Serikali haitamjengea kila mwananchi nyumba yake, na kwamba kipaumbele ni miundombinu ya umma. Wapo waliotoa wakidhani fedha zao zitafika mkononi mwa aliyebomokewa. Wapo waliotoa wakidhani zitajenga shule. Wote walikuwa wametoa mchango, na neno mchango halikuwapa wa kwanza wala wa pili haki ya kuamua. Hatusemi hapa nani alikuwa na haki. Tunasema kwamba neno lilikuwa sahihi kwa jambo lile, kwa kuwa fedha zile zilikuwa msaada hasa, na kwamba hata hapo, palipokuwa sahihi, liliwaacha watu wakiulizana.

Turudi kwa walimu wetu. Wanane hao walilipia michezo miwili kwa kutumia kadi ya mmoja wao. Wa kwanza, kitabu cha michezo ya kuigiza wahusika pamoja na dadu zake, ulifika posta ya Bukoba miezi kumi na mmoja baada ya tarehe iliyoahidiwa, na gharama ya usafirishaji na ushuru ikakaribia bei ya kitabu. Hilo walilistahimili, na kitabu chenyewe wanakisifu. Wa pili, ambao ndio masharti yake waliyatafsiri, haukufika. Taarifa za mtunzi zilikuja kila mwezi, kisha kila baada ya miezi minne, kisha zikakoma. Mwenzao mmoja wa Muleba alipopendekeza kwamba waandike kudai hesabu, wengine walimjibu kwa maneno ambayo tumeyanakili kama tulivyoyasikia: mchango haudaiwi. Barua haikuandikwa. Muda uliowekwa wa kuwasilisha malalamiko ukapita.

Tuliomba kuyaona masharti katika lugha yake ya asili, tukayalinganisha na tafsiri sentensi kwa sentensi. Asili inasema kwamba mtunzi *anawajibika* kukamilisha kazi na kumpelekea kila aliyelipa alichoahidiwa. Kwamba akishindwa *ni lazima* aeleze fedha zimetumikaje, na arudishe zilizobaki kwa wale ambao hawajapata kitu. Tafsiri inasema kwamba mchangishaji *anatarajiwa* kukamilisha kazi, na akishindwa *atawaeleza wachangiaji hali ilivyo*. Sharti la kurudisha fedha limekuwa *anaweza kuwarudishia*. Watafsiri hawa ni walimu wa lugha, wanaijua tofauti ya lazima na hiari kuliko watu wengi. Tunaamini kwamba hawakukosea sarufi. Walikwisha kulichagua neno mchango katika ukurasa wa kwanza, na neno hilo likazivuta sentensi zote zilizofuata zikubaliane nalo. Haiingii akilini mwa msemaji wa Kiswahili kwamba aliyechangiwa harusi *ni lazima* arudishe. Istilahi moja imebadili hali ya vitenzi katika kurasa tisa.

Kwingine duniani swali hili limekwisha kufika mbele ya vyombo vya sheria. Mwaka 2012 mtu mmoja wa Marekani aliomba dola 35,000 ili achape mchezo wa mezani uitwao The Doom That Came to Atlantic City, akapata zaidi ya dola 122,000 kutoka kwa watu 1,246. Baada ya miezi kumi na minne alitangaza kwamba kazi imekufa. Mwaka 2015 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo ilimfungulia shauri, ikidai kwamba sehemu kubwa ya fedha ilikwenda katika kodi ya nyumba na matumizi yake mengine; likamalizika kwa makubaliano yaliyomkataza kuwapotosha watu tena kwa namna hiyo. Lilikuwa shauri la kwanza la Tume hiyo kuhusu utaratibu huu. Lililotuvutia sisi ni kwamba Tume iliwahesabu watu wale 1,246 kuwa *walaji*, yaani watu wanaolindwa na sheria za biashara. Msomaji wa tafsiri ya Bukoba asingeweza kamwe kufikia wazo hilo.

Je, basi, tumwite anayetoa fedha *mnunuzi*, na jambo liishe? Hapana. Kickstarter wenyewe walitangaza mwaka 2012 kwamba wao si duka, na kwa hili walisema kweli. Mnunuzi huona kitu, hukishika, hulipa, huondoka nacho. Huyu wetu ameona picha. Mtafiti Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2015 na uliowahusu watoaji zaidi ya 47,000, alikuta kwamba takriban asilimia 9 ya miradi iliyofanikiwa kupata fedha haikutimiza ahadi zake. Na katika utafiti wake wa awali aliona kwamba mingi zaidi hutimiza kwa kuchelewa. Tafsiri itakayosema mnunuzi itamdanganya msomaji kwa upande wa pili: itamfanya adhani kwamba mzigo uko ghalani, ilhali ghala lenyewe halijajengwa. Neno *mwekezaji*, ambalo nalo tumelisikia, ni baya zaidi, kwa kuwa mwekezaji hungoja faida, na hapa faida haipo. Mchezo ukiuzwa nakala milioni moja, yeye atabaki na nakala yake moja. *Mfadhili* anatukumbusha balozi anayekabidhi madawati. *Mdhamini* ni anayebeba dhima mwingine akishindwa, na mtu huyu hambebei mtu dhima yoyote ila hasara yake mwenyewe.

Inashangaza kwamba watafsiri walikwenda mbali kutafuta neno, na nyumbani kwao kuna dhana iliyo karibu sana na hii. Kila mkulima wa kahawa wa Bukoba na Muleba analijua neno *butura*. Ni biashara ya kuuza kahawa ingali mtini: mwenye fedha humlipa mkulima leo, kwa bei ya chini, na kahawa ikiiva huja kuichukua. Ada ya shule, ugonjwa au msiba humsukuma mkulima kuuza maua au kahawa mbichi, na viongozi wa mkoa wamekuwa wakiipiga vita biashara hii kwa miaka mingi. Mwaka 2018 Serikali iliagiza kwamba kahawa iuzwe kupitia vyama vya ushirika. Umbo la butura na umbo la mchezo unaolipiwa mapema ni moja: fedha hutangulia, kitu hufuata, na katikati kuna hatari. Lakini nguvu zimekaa kinyume. Katika butura mwenye fedha ni mmoja na ana nguvu, mwenye mali ni wengi na wana shida, na hatari ya bei imewaangukia wenye mali. Katika mchezo, mwenye fedha ni wengi na kila mmoja ametoa kidogo, mwenye mali ni mmoja, na hatari imewaangukia wenye fedha. Walimu tuliowaeleza jambo hili walicheka sana. Mmoja alisema kwamba baba yake aliliwa kwa kuuza butura, na yeye ameliwa kwa kununua.

Hatupendekezi kwamba butura liwe istilahi ya taifa. Limebeba aibu na makatazo ya miaka mingi, na mtu wa Lindi hatalielewa. Tunalitaja kwa sababu linathibitisha kwamba wazo la kulipia kisichokuwapo si geni kwetu wala halihitaji kuvishwa nguo za harambee. Mwambao nako kuna *arubuni*, fedha ya kutanguliza ili bidhaa isiuzwe kwa mwingine; lakini arubuni ni sehemu tu ya bei, na katika mchezo hulipwa bei yote. Lililobaki, na ambalo sisi tunaliona linafaa, ni *kitangulizi*. Limetoka katika kitenzi ambacho kila fundi wa nguo na wa samani hukitumia anapomwambia mteja atangulize fedha ya kitambaa au ya mbao. Halidai kwamba kitu kipo, wala halisemi kwamba fedha imetolewa bure. Anayetoa ataitwa *mwenye kitangulizi*, kwa mfano wa *mwenye hisa*, ambalo limekwisha kukubalika. Na muundo huo wa *mwenye* una manufaa yake hapa, kwa sababu unamkumbusha msomaji kwamba fedha iliyotangulia bado ina mwenyewe. Anayepokea aitwe kwa kazi yake, *mtunzi* au *mtengenezaji*. Utaratibu mzima unaweza kuitwa *malipo tangulizi ya umma*. Tunakiri kwamba ni refu kidogo, mazoea yatalikata.

*Uchangishaji* libaki mahali pake. Huko Kenya, ambako neno harambee lilifanywa wito wa taifa mwaka 1963, kumekuwako tangu mwaka 2012 huduma ya M-Changa, ambayo hukusanya kwa simu fedha za matibabu, karo na mazishi. Hapo kuchanga ni kuchanga. Ugomvi wetu si na neno, bali na kulitwika neno moja mizigo miwili inayopingana.

Yuko atakayetuuliza kama tofauti hizi si za kitabuni tu. Tunamwomba akumbuke DECI. Taasisi ile iliyosimamishwa mwaka 2009, na ambayo viongozi wake kadhaa walitiwa hatiani mwaka 2013, iliwaambia watu kwamba *wanapanda mbegu* na kwamba *watavuna*. Nani kati yetu haamini mbegu? Laiti watu wale wangeambiwa kwamba wanatoa fedha zao ili alipwe aliyetangulia, na kwamba wao watalipwa na atakayefuata, wengi wangerudi nyumbani. Lugha ya shamba ilifanya kazi ambayo takwimu zisingeweza kuifanya. Hata jina la kawaida la upatu katika miji yetu, *mchezo*, lina uficho wa namna hiyo, ingawa upatu wa majirani wanaojuana ni jambo la heri. Mtu husema anacheza mchezo wa laki moja, na mgeni akadhani ni karata.

Istilahi nyingine za sehemu ya kwanza tutazipitia kwa haraka. *Ahadi*, kwa kiasi anachotaja mtoaji kabla ya siku ya mwisho, ni nzuri, ila iongezwe maelezo kwamba hukatwa yenyewe. Katika kamati zetu za harusi ahadi hufuatwa kwa simu hata mara tano, na aliyezoea hivyo anaweza kudhani ana nafasi ya kughairi. *Zawadi*, kwa kitu anacholetewa, tunaikataa kwa sababu zile zile tulizokwisha kuzieleza: zawadi haidaiwi. Iwe *stahili*. *Malengo ya kunyoosha* ni tafsiri ya neno kwa neno, na tulipoisoma mara ya kwanza tulidhani ni mazoezi ya viungo. Kinachomaanishwa ni vitu ambavyo mtunzi ataviongeza iwapo fedha zitazidi kiasi alichoomba; *nyongeza za ziada ya lengo* inatosha, au *nyongeza* tu pale muktadha unapojitosheleza.

Sehemu ya pili, ya kanuni za mchezo, ni kazi ya hali ya juu, na ingekuwa dhuluma kuinyamazia kwa sababu ya makosa ya ile ya kwanza. Watafsiri wameitenga *dadu*, yenye nyuso zenye nambari, na *kete*, ambayo huchezwa ubaoni na ambayo kila mcheza bao anaijua; wafasiri wengi wa mijini huyachanganya maneno haya mawili. Wameepuka kuiita michezo yote ya ubao *bao*, kwa kuwa bao ni mchezo wenye mashimo 32, kete 64 na kanuni zake, na haifai kulinyang'anya jina. *Michezo ya mezani* ni jina pana na safi, hata kama wachezaji wengi wa drafti tuliowaona Bukoba huweka ubao juu ya kreti la soda. Wamelichukua pia neno *mtaji* katika maana yake ya baoni, zamu ya kula, wakalitumia kwa zamu yenye nguvu katika mchezo huu wa kigeni. Uteuzi huo umetufurahisha. Unaonyesha mtu aliyecheza kabla ya kutafsiri.

Kwa michezo ya kuigiza wahusika wametumia *michezo ya igizo dhima*. Walimu wote wanalijua igizo dhima kama mbinu ya kufundishia, ambamo mwanafunzi mmoja huwa daktari na mwingine mgonjwa, na kwa hiyo neno limepata makazi tayari. Tofauti ipo: darasani mwalimu anajua mwisho wa igizo, na katika mchezo huu mwisho haujulikani na yeyote, dadu ndizo zinazoamua. Tofauti hiyo ni ya maelezo wala haihitaji neno jipya.

Penye mjadala ni jina la yule anayeongoza mchezo, anayesimulia mahali wahusika walipo na kuwauliza watafanya nini. Tafsiri imemwita *bwana wa mchezo*. Halitupendezi. Nusu ya walimu hawa ni wanawake, na mmoja wao, wa Muleba, ndiye anayeongoza mara nyingi. Wenziwe humwita bwana kwa mzaha, na mzaha si msingi wa istilahi. *Msimamizi* linanuka mtihani. Sisi tunapendekeza *mtambaji*. Anayetamba hadithi hushika uzi wa kisa na huku akipokea majibu ya hadhira, na katika nchi ya Wahaya kazi hiyo ina historia ndefu. M. M. Mulokozi, katika tasnifu yake ya mwaka 1986 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichunguza tendi za nanga za Wahaya, na akaonyesha jinsi mpiga nanga asivyokariri tu maneno yaliyokwisha kufungwa, bali huutunga na kuupanga upya utendi mbele ya watu waliopo. Mtu wa namna hiyo yuko karibu zaidi na kiongozi wa mchezo huu kuliko bwana yeyote. Walimu wa Muleba wamelipokea neno hili. Wa Bukoba mjini wanaona kwamba mtambaji hasikilizwi na wachezaji bali na watoto, nasi tumewaachia wapime wenyewe mezani.

Tuliwarudishia kazi yao pamoja na maoni haya, na baada ya wiki sita wameileta tena. Neno *anatarajiwa* limeondoka katika kurasa zote tisa na nafasi yake imeshikwa na *anawajibika*. *Mchangiaji* limegeuka *mwenye kitangulizi* katika kila kifungu, isipokuwa katika ukurasa wa mwisho, ambao si tafsiri bali ni makubaliano yao wenyewe wanane: nani anaweka kadi, nani anakwenda posta kuchukua mzigo, na kila mmoja atatoa kiasi gani kwa nauli ya basi kutoka Muleba hadi Bukoba. Huko wameandika *mchango*, nasi hatukulifuta.